Shikamoo Iliyokula Vidole Viwili

Wajukuu zangu, mnaniuliza kazi niliyoifanya ujanani, na nyote mnangoja niseme mkonge, maana mtu wa Tanga akitaja kazi ya zamani lazima ataje mkonge. Mimi mkonge niliuona ukipita kwenye mabehewa tu. Mimi nilikuwa mtu wa pamba. Tena hata kwenye pamba yenyewe, niliajiriwa kuchambua nikaishia kucheza. Ndiyo, kucheza. Nilikuwa mwari niliyekwisha kuchezwa unyago, naitwa mtu mzima, na kutwa nzima niko mchangani na watoto mpaka king'ora cha jioni kilie. Msicheke kwanza, ngojeni nifike.

Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, nyuma ya reli, upande wa kwendea Mabawa. Zama hizo bado za Mwingereza. Kilikuwa na majumba mawili ya mabati. La kwanza lilikuwa la jineri, yaani mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake. La pili lilikuwa la mashine za kusokota nyuzi na mitambo minane ya kufuma, ikitoa kitambaa cheupe kizito cha magodoro na mashuka. Pamba ililetwa na malori kutoka pande za Pangani na vijiji vya huko mpaka Mkwaja, imeshindiliwa kwenye magunia hadi gunia linakaa wima lenyewe. Nje kulikuwa na injini moja tu, na mkanda wa ngozi uliopita juu ya vichwa vyetu ndio uliozungusha kila kitu.

Nikifumba macho sasa hivi nakiona kile chumba. Nyuzi za pamba zilikuwa hewani daima, nyepesi mno, hazipandi wala hazishuki. Jua likipenya kwenye matundu ya mabati linasimamisha nguzo za mwanga, na ndani ya nguzo zile pamba inaelea taratibu, ukitazama sana unasahau umekuja kufanya nini. Kelele ilikuwa kubwa hata ikawa si kelele tena. Ukishakaa mle mwezi mmoja huisikii mashine ikifanya kazi, unaisikia ikinyamaza. Watu wanapita, midomo inacheza, sauti haitoki, na kila mmoja ana nyusi nyeupe kwa vumbi, msichana na ajuza sawasawa. Mpaka leo nikilala mchana huota nimo humo. Sifanyi lolote, nimesimama tu. Na katika ndoto kila mtu ana vidole vyake vyote.

Basi niwaeleze hivyo vidole, ndipo mtaelewa mchezo.

Mama yangu alinilea kwa salamu. Kwetu ukimpita mkubwa bila shikamoo, habari hufika nyumbani kabla yako. Juma langu la kwanza kazini nilitumwa na kikapu kwenye nyumba ya jineri. Aliyekuwa akilisha pamba ni Fundi Mhina, Mbondei wa Muheza, umri wa marehemu baba yangu, mtu mrefu asiye na haraka. Kulisha pamba maana yake ni kuitandaza mbele ya rola mbili zinazozunguka kwa kukabiliana, unaisukuma kwa ncha za vidole, rola zinaivuta, mbegu zinadondoka huku. Macho yako yasitoke pale. Mimi hilo sikulijua. Nilichokijua ni kwamba mbele yangu yuko mkubwa, na kwamba kwa kelele ile salamu ya kawaida haitamfikia. Nikaongeza adabu. Nikamsogelea mpaka begani, nikakunja goti kidogo, nikasema kwa sauti yangu yote, "Shikamoo, Fundi!"

Jamani, mtu wa pwani salamu ya mtoto humgeuza shingo yenyewe, haulizwi. Fundi Mhina akageuka kuniangalia. Akasema "Mara..." na hakumaliza.

Rola zilichukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Pamba iliyotoka upande wa pili ilikuwa nyekundu, na mbegu ziliendelea kudondoka kama kawaida. Mimi nilibaki na kikapu changu mkononi. Watu walikuja mbio, mkanda ukatolewa, yeye akachukuliwa, na hakuna aliyenigombeza kwa sababu hakuna aliyejua. Nilichokifanya ni adabu. Nani angemgombeza mtoto kwa kuamkia?

Siku tatu sikuthubutu kwenda kumtazama. Siku ya nne nikajikaza, nikaenda hospitali. Nikasimama mlangoni mwa wodi, nikamwona amelala, mkono umefungwa kama furushi. Ulimi wangu ukakataa. Kila nikitaka kusema shikamoo, naona rola. Yeye ndiye aliyeanza. "Mwantumu," akasema, "ile yako ya juzi sikuijibu. Marahaba, mwanangu." Nililia mpaka dresa wa wodi, yule mfunga vidonda, akanitoa nje.

Aliporudi kazini alipewa kazi ya kupaka mafuta na kuisikiliza mashine, maana alikuwa na sikio. Angekaa amefumba macho, anasema, "Ule mtambo wa tatu unakohoa," na kweli, ukienda kutazama skrubu imelegea. Vidole vyake alivifanyia mzaha. Akitaka vitu vinane alikuwa akisema, "Niletee mikono yangu yote." Wengine wakicheka, mimi nikiinamisha kichwa, naye akaniona. Nadhani ndiyo maana akanipa kazi ya watoto.

Watoto walikuwa tatizo. Wanawake wachambuaji tulikaa barazani, tunatoa majani na takataka kwenye pamba, na wengi walikuja na watoto wao wadogo, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kuwaachia. Watoto wa kwetu, mnawajua, wana adabu. Akipita fundi, wanamkimbilia na shikamoo. Akiwa ndani, wanamfuata ndani na shikamoo. Tajiri mwenye kiwanda akatoa amri: siku atakayomkuta mtoto mashineni, mama yake asije tena. Wanawake wakawa roho juu. Ukimfunga mtoto kamba ya kiuno atalia, ukimwacha ataingia, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Fundi Mhina akanijia barazani. "Wewe kaa nao," akasema.

"Niwafanye nini, Fundi?"

"Mtoto ukimwambia asiguse, ataenda kugusa aone kuna nini. Wewe mchezeshe kutogusa."

"Kutogusa kunachezwaje?"

Akatazama mkono wake, akacheka. "Ningejua ningekuwa na vidole kumi."

Nikaanza kwa kukosea. Siku ya kwanza niliwakusanya uani, wapata kumi na watano, nikawaambia, kwa heshima zote, "Leo tutatengeneza kitanda." Mimi nina maana ya kitanda cha mfumi, ule mtambo wa kufumia wa wazee wa zamani. Wao walisikia kitanda. Wakalala. Wote, kwa mstari, mmoja ubavuni mwa mwenzake, wakafumba macho, na mmoja akaanza kukoroma kwa makusudi. Halafu nikawatazama vizuri walivyojipanga, nikaona, looo, hawa ni mtande kamili.

Mtande ni zile nyuzi za urefu zinazotangulia kutandazwa kwenye mtambo. Mshindio ni uzi wa upana unaopita katikati yake. Kitambaa chote duniani, hata hiyo fulana uliyovaa, ni hayo mawili tu. Nikawaambia msiamke. Wewe, na wewe, mkiacha mmoja katikati, inueni miguu. Nikachukua kamba ya kanga kuukuu, nikamwinua mtoto wa mwisho, nikampa akaipitisha chini ya miguu iliyoinuka, juu ya iliyolala. Haya, shusheni, sasa ninyi wengine inueni. Kamba ikarudi. Tukaenda hivyo mara sita, saba, na walipotaka kuamka hawakuweza, wamefumwa. Kicheko cha siku ile nakisikia mpaka leo kikitoka mahali pa mbali, kama kinatoka nyumba ya pili.

Baadaye Bibi Mwanakombo, ajuza mmoja wa pale kiwandani, akasema mtoto wa kike hainui miguu uani, tukahamia mikono. Wakawa wanakaa, mikono wameinyoosha mbele. Mchezo ukawa mzuri zaidi, kwa sababu nyuso zinaonekana.

Katika michezo ile walijifunza mambo ambayo sisi wakubwa tulifundishwa kwa kukemewa. Ukitaka kujua pamba njema, vuta tonge dogo kwa vidole gumba viwili, polepole, litazame linavyoachana. Likiachana kwa nyuzi ndefu zinazong'ang'aniana, hiyo ni ya kufumia. Likikatika pu, hiyo ni ya mto wa kulalia. Uzi wa mtande unywe uji mwepesi wa muhogo kwanza, ukauke, ndipo ustahimili kusuguliwa. Siku za upepo mkavu mwagia maji sakafuni, la sivyo nyuzi zitakatika kutwa na utaapa kuna mtu kakuroga. Watoto wangu walikuwa wakipika uji wa mchanga wakizinywesha nyuzi za kanga, wanazibembeleza, "Kunywa, kunywa, kesho una kazi." Mimi nawatazama, najisahau. Pamba inatoka mlangoni mwa jineri inawatua vichwani, hakuna anayeipangusa.

Lakini mchezo wenyewe hasa, ule niliokuwa nikiutaka usiku na mchana, ulikuwa wa jineri. Watoto wawili walikaa wakielekeana wakazungusha mikono, hao ni rola. Wa tatu alikaa katikati analisha majani, huyo ni fundi. Nikachora mstari mchangani mahali ambapo fundi akiwa amekaza macho kwenye rola bado anaweza kuuona kwa pembeni. Mtoto wa nne analeta ujumbe. Akisema neno lolote wakati mikono ya fundi iko ndani, rola zinaikamata na watoto wote wanapiga kelele, "Imekula!" Basi ametoka mchezoni. Anachotakiwa ni kusimama kwenye mstari, mkono kifuani, mdomo kimya, angoje. Fundi akitoa mikono akapiga makofi mawili, ndipo anaamkia, ndipo anasema alichotumwa.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, niliwafundisha watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, wa Kidigo, wa Kibondei na wa Kishambaa, kumwona mkubwa na kutomwamkia. Mnaijua pwani yetu. Mnaweza kukisia kilichofuata.

Aliyekuja juu ni Bibi Mwanakombo. Huyu ndiye aliyechukua nafasi ya Fundi Mhina kwenye kulisha pamba, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na utulivu wa mkono kama wake. Mwanamke mkavu, mweusi wa kung'aa, anayesema kidogo, na akisema baraza zima linanyamaza. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Saumu, mtoto wa miaka saba, ambaye mama yake ameolewa Ushongo. Saumu ndiye aliyekuwa bora kuliko wote katika mchezo wa jineri. Angeweza kusimama kwenye mstari hata inzi atue puani asitikisike.

Siku moja Saumu aliingia ndani kumletea bibi yake maji, akasimama mahali pa kuonekana, mkono kifuani, kimya. Bibi Mwanakombo alidhani mtoto amekasirika. Alipojua ni mafunzo yangu, alitoka nje na vumbi lake nyusini.

"Mwantumu, mtoto wangu umemfanya nini?"

"Nimemfundisha asubiri mikono yako itoke, Bibi."

"Mimi nimemfundisha shikamoo kabla hajaota meno. Wewe unamfundisha kunisimamia kama askari?"

"Bibi, Fundi Mhina alikatwa kwa..."

"Alikatwa kwa sababu siku yake ilikuwa imeandikwa," akanikata. "Salamu haijamkata mtu vidole tangu dunia iumbwe."

Hapo ndipo nilipokosea kosa langu la pili. Nilipaswa kumwambia ni mimi. Nilipaswa kusema, Bibi, salamu ile ilikuwa yangu, nilisimama hapo hapo unapokaa wewe. Nikaona haya. Nikanyamaza. Naye akaniwekea muda: mwezi wa Ramadhani ukiingia mchezo ule bado upo, atawaambia wanawake wote wawaondoe watoto kwangu. Na wangemsikiliza. Watoto wangerudi kurandaranda, mmoja angeingia ndani na shikamoo yake nzuri, na kama si vidole vya mtu basi kazi ya mama yake. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Halafu akamgeukia Saumu, akasema tukimsikia wote, "Na wewe, ukiniingilia mle ndani bila kuniamkia, mimi sikujui. Utasimama mpaka uote mizizi."

Saumu aliniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Saumu. Nikatikisa kichwa kidogo tu, kumaanisha shika mchezo. Wallahi nilifanya hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, kama saa nne asubuhi. Saumu hakuja kiwandani. Alibaki nyumbani na babu yake, mume wa Bibi Mwanakombo, aliyekuwa amelala miezi mingi kwa ugonjwa wa kifua. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na jirani ndiye aliyemwangalia mgonjwa. Saa ile jirani alikuwa amekwenda bombani. Mzee akamwambia mtoto, "Kamwite bibi yako." Basi. Hakuna zaidi.

Mimi nilimwona Saumu akipita uani mbio, hana viatu. Nikamwona akipunguza mwendo mlangoni mwa jineri, akaingia, akasimama. Mlango ulikuwa wazi, na nguzo moja ya mwanga ilimwangukia begani. Mkono kifuani. Mdomo kimya. Pamba inamwelea pande zote. Nikaona fahari, wajukuu zangu, niwaambie kweli. Nikawaita watoto wengine nikawaambia, "Mtazameni Saumu. Hivyo ndivyo." Tukamtazama. Alikuwa mzuri kama picha.

Bibi Mwanakombo alimaliza gunia alilokuwa nalo. Akavuta jingine. Akalifungua taratibu, akalisha nusu yake. Mimi nikadhani kazi imembana. Gunia la pili lilipoisha ndipo alipotoa mikono, akajipangusa, akamgeukia mtoto. Nikaona midomo ya Saumu ikicheza. Kisha nikamwona Bibi Mwanakombo akitoka pale mbio, upande mmoja wa kanga umeanguka, na mtoto nyuma yake.

Walimkuta mzee ameshakata roho. Jirani alisema alipotoka bombani alimkuta bado anaongea, anauliza, "Amekuja?"

Wanawake hawakungoja Ramadhani. Baada ya mazishi kila mmoja alimwondoa mtoto wake kwangu, na sikuwalaumu. Niliwatia hofu ya mashine, nikamnyima mzee kumwona mkewe. Nikarudi barazani kuchambua. Watoto wengine walifungiwa ndani, wengine walicheza kando ya reli. Uani palibaki ule mstari mchangani, mpaka mvua ikaufuta.

Lililonimaliza zaidi ni Saumu. Tangu siku ile hakusema na mtu yeyote ambaye mikono yake ina kazi. Nilimwona kwa muuza vitumbua, amesimama kando, mkono kifuani, anangoja yule mama aache kugeuza vitumbua. Na yule mama anageuza, anatoa, anamimina vingine. Nani ambaye mikono yake haina kazi? Mtoto akangoja, akangoja, akaondoka bila kitumbua. Chuoni kwa Kurani mwalimu alilalamika kuwa amekuwa bubu. Hakuwa bubu. Dunia nzima ilikuwa jineri kwake, na hakuna aliyempigia makofi.

Nikamwendea Fundi Mhina, nikamwambia yote, pamoja na ile shikamoo yangu ambayo yeye aliijua na hakuwahi kuitaja kwa mtu. Alimaliza kwanza kusikiliza mtambo mmojawapo.

"Mchezo wako ni wa watu wawili," akasema. "Anayengoja na anayelisha. Wewe ulimfundisha mmoja."

"Na yule wa pili nitamfundishaje? Ni Bibi Mwanakombo."

"Hilo mimi sijui," akasema. "Lakini nenda."

Nikaenda. Alikuwa kwenye eda, chumbani, amevaa kanga nyeupe, hapokei ila wanawake. Nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa chini mkekani, nikamwambia kwamba siku ile ya Fundi Mhina aliyeamkia ni mimi. Nikamwambia ndiyo maana ya mchezo, na kwamba nilipaswa kulisema neno hili alipokuja juu. Alinisikiliza akitazama ukuta.

"Ulimwona Saumu aliposimama?" akauliza.

"Nilimwona, Bibi."

"Hata mimi nilimwona. Tangu alipoingia." Akavuta kanga yake. "Nilikuwa na nafasi ya kutoa mikono. Gunia la pili sikuwa na haja nalo. Nilitaka aseme shikamoo kwanza. Nikasema moyoni, leo tutaona nani atachoka."

Nikaaga nikatoka. Hakunifukuza wala hakunisamehe, na njia nzima kurudi nilikuwa nikitembea kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Asubuhi ilipokwisha tukamwona Bibi Mwanakombo anaingia getini, amemshika Saumu mkono. Tulikuwa barazani wote na pamba yetu. Hakwenda kwenye jineri. Alikuja moja kwa moja uani, akasimama pale palipokuwa na mchezo, akaniita.

"Mwantumu, chora ule mstari wako."

Nikachora kwa kidole cha mguu.

"Rola ziko wapi?"

Watoto hawakuwapo, yeye mwenyewe alijua. Fundi Mhina akaweka chini kopo lake la mafuta, akaja, akakaa mchangani na kaptula yake ya kazi, mtu mzima yule. Mimi nikakaa nikimwelekea. Tukaanza kuzungusha mikono, yangu na ile yake yenye vidole vitatu. Bibi Mwanakombo akapiga magoti kati yetu, akakaa kwa shida, akaingiza viganja vyake katikati ya mikono yetu. Alikuwa mkubwa kuliko watu wote pale kiwandani. Wanawake barazani waliacha kuchambua.

Saumu akaenda kwenye mstari mwenyewe, bila kuambiwa. Mkono kifuani. Mdomo kimya.

Bibi Mwanakombo akatoa mikono pale pale. Hakungoja hata pumzi moja. Hakupiga makofi. Aliinyoosha mbele kwa mtoto, mitupu, mchanga umeshika kwenye ncha za vidole.

"Nimetoa, mama," akamwambia. "Sema."

Saumu alimtazama usoni, akaitazama ile mikono, akarudi usoni. Ilichukua muda. Sisi tunazungusha.

"Babu anakuita," akasema.

"Naja," akasema Bibi Mwanakombo.

Akainuka, hakukung'uta mchanga. Akamshika mtoto mkono, wakatoka getini wakivuka barabara kuelekea nyumbani kwao, haraka haraka, kama watu wanaosubiriwa. Mimi na Fundi Mhina tulibaki tumekaa pale chini, tunalia, mikono yetu bado inazunguka, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuisimamisha.